Bodi Imekufa: Nani Athibitishe Chanzo?

Jibu la kampuni huwa fupi: bidhaa imekaguliwa, uharibifu umesababishwa na mtumiaji, waranti haihusiki. Chini yake kuna picha iliyokuzwa, mshale mwekundu ukielekea kwenye pini iliyopinda au mkwaruzo mdogo, na gharama ya matengenezo ambayo pengine inakaribia bei ya bodi mpya. Mwenye mali anaapa kwamba hajawahi kuigusa pini hiyo. Fundi wa kampuni naye hasemi uongo, maana pini imepinda kweli. Wawili hawa wanaweza kuandikiana kwa miezi, kila mmoja akiwa mkweli mwanzo hadi mwisho, na wasifike popote.

Ugomvi huu huelezwa kama suala la tabia tu: kampuni ina choyo, mteja ni mzembe. Choyo kipo na uzembe upo, na nitatoa mfano mmoja wa kampuni kubwa uliothibitishwa na nyaraka zake yenyewe. Lakini chini ya tabia kuna fizikia. Ubao mama wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita bodi tu, unapokufa, mara nyingi haubaki na dalili ya kutosha kuonyesha nini kiliuua. Anayeelewa kwa nini iko hivyo atajua cha kudai, atajua swali la kumuuliza mtu wa huduma kwa wateja, na atajua cha kupiga picha kabla hajafunga boksi. Kwa hiyo tuanze chini kabisa, kwenye volti na ampea.

Wengi hudhani kazi ya bodi ni kupitisha data kati ya prosesa, RAM na diski. Hiyo ni kazi yake mojawapo. Kazi ngumu kuliko zote ni kugawa umeme. Pawasaplai huiletea bodi volti 12, lakini prosesa ya kisasa ikipewa volti 12 huungua papo hapo. Transista zilizomo ndani yake ni ndogo mno, na tabaka la kuhami umeme katika kila moja lina unene wa atomi chache. Tabaka jembamba namna hiyo linastahimili volti moja na kidogo, basi.

Sasa tupige hesabu. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Prosesa inayotumia wati 100 kwa volti 1.2 inahitaji mkondo wa ampea 83. Soketi ya ukutani tunayochomekea pasi, ile ya matundu matatu, imeundwa kubeba ampea 13. Maana yake ni kwamba katika eneo dogo kuliko kiganja cha mkono, bodi inapitisha mkondo unaozidi mara sita ule unaoruhusiwa kwenye soketi ya pasi. Ukigusa huhisi chochote, kwa sababu volti ni ndogo. Lakini joto la waya hutokana na mkondo: kwa ukinzani uleule, mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kila kiungo kilicholehemiwa katika njia hiyo, kila pini na kila kapasita, vinaishi na joto hilo maisha yao yote.

Volti 12 zinashukaje hadi 1.2? Kuna transista kubwa kubwa kando ya soketi ya prosesa ambazo hufungua na kufunga mkondo mara laki kadhaa kwa sekunde. Zikiuachia mkondo upite kwa moja ya kumi ya muda na kuukata kwa tisa ya kumi, wastani wa volti 12 unakuwa 1.2. Ila wastani ni wastani tu; umeme unaotoka hapo ni wa kuruka na kushuka, na prosesa haiwezi kuutumia hivyo. Ndipo zinapoingia koili na kapasita. Koili hupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo. Kapasita hutunza chaji na kuitoa pale inapopungua, kama tanki la maji juu ya paa linavyoendelea kutoa maji bombani wakati maji ya mtaa yanakuja kwa kukatika. Mtumiaji wa bomba hajui kama yamekatika. Prosesa nayo haijui, mradi kapasita ni nzima.

Na kapasita ndiyo iliyotuachia somo kubwa kuliko yote katika historia ya waranti za bodi.

Kapasita za zamani, zile za umbo la kopo dogo la alumini, ndani yake zina karatasi mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi nyingine iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Kinachotenganisha chaji ni tabaka la oksidi juu ya alumini, jembamba sana, linalodumishwa na kimiminika hicho. Kila umeme unaporuka na kushuka, mkondo mdogo huingia na kutoka katika kapasita, na kwa kuwa kimiminika kina ukinzani wake, joto huzalishwa. Joto hukausha kimiminika. Kikikauka, ukinzani hupanda, na ukinzani ukipanda, joto huongezeka. Kapasita ya aina hii huanza kufa siku ile ile inapoanza kazi. Swali ni kasi tu.

Kasi hiyo inajulikana. Wahandisi hutumia kanuni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita ya kimiminika huongezeka maradufu. Chukua kapasita iliyohakikishwa kudumu saa 2,000 ikiwa katika nyuzi 105, kipimo cha kawaida kabisa kwa kapasita hizo. Ikifanya kazi katika nyuzi 65, imeshuka nyuzi 40, yaani imeongezewa maradufu mara nne: saa 32,000. Miaka mitatu ya waranti kwa kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana ni saa 26,280. Kapasita hiyo itavuka salama. Sasa ihamishe kompyuta hiyohiyo kutoka chumba cha Nairobi chenye nyuzi 23 uipeleke duka la Dar es Salaam lenye nyuzi 33 mwezi Februari. Hewa inayoipoza ina joto la nyuzi 10 zaidi, hivyo kapasita nayo itakaa karibu na nyuzi 75. Maisha yake yanakuwa saa 16,000, sawa na miezi 22. Bodi ileile, kapasita ileile, mtumiaji mwangalifu yuleyule. Moja imepita waranti ikiwa hai, nyingine imekufa ndani yake. Hakuna aliyekosea. Na ukiishika ile iliyokufa mkononi, hakuna chochote juu yake kinachosema ilikaa katika joto gani.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, tatizo hili liligeuka kuwa janga. Kapasita nyingi zilitengenezwa kwa kimiminika chenye maji mengi bila kemikali za kutosha za kuilinda alumini. Maji yakikutana na alumini tupu hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikajaa ndani ya kopo, kopo likavimba, na juu yake, pale palipochorwa alama ya msalaba au ya herufi K ili pafunguke shinikizo likizidi, pakapasuka na kutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Mafundi wa kompyuta waliokuwa kazini miaka hiyo wanaikumbuka sura hiyo: safu ya makopo kando ya prosesa, mengine bapa juu, mengine yenye tumbo. Bodi za kampuni nyingi ziliathirika.

Dell nayo ilipata kapasita mbovu katika kompyuta zake za OptiPlex. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 iliuza kompyuta zipatazo milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari hiyo. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas ilipoona kompyuta zake zinakufa na kuuliza sababu, jibu la Dell lilikuwa kwamba chuo kilizichosha mashine kwa kuzipa hesabu ngumu mno. Soma tena sentensi hiyo. Wanahisabati waliambiwa kwamba kompyuta zimekufa kwa kufanya hisabati. Mwaka 2005 kampuni ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha tatizo hilo, na mwaka 2010 nyaraka za kesi iliyofunguliwa na mteja wake mmoja zilipowekwa hadharani, zilionyesha kwamba uchunguzi wa ndani wa kampuni ulikadiria kompyuta zilizoathirika zingeweza kuleta matatizo kwa hadi asilimia 97 ndani ya miaka mitatu, na kwamba wafanyakazi walikuwa wakielekezana namna ya kuongea na wateja bila kukiri kwamba bodi zina kasoro.

Kilichonikaa rohoni katika kisa hicho kinazidi ule uongo. Idara ile ya hisabati iliziona kompyuta zake tu. Kampuni ilikuwa na mamilioni, na marejesho yote yalipita mikononi mwake. Bodi moja iliyokufa haiwezi kukwambia kama ni kasoro ya kiwandani au bahati mbaya. Bodi elfu moja za toleo moja zilizokufa kwa namna moja zinaweza, tena bila shaka yoyote. Ila hizo elfu moja haziko kwa mteja. Ziko katika hifadhidata ya mtengenezaji.

Watengenezaji walijifunza kitu. Bodi nyingi za leo hutumia kapasita za polima, ambazo ndani hazina kimiminika cha kukauka. Kwa hizo, joto likishuka nyuzi 20, maisha huongezeka mara kumi, kwa hiyo kapasita ya saa 5,000 katika nyuzi 105 inafika saa 500,000 katika nyuzi 65. Ni maendeleo ya kweli na yanastahili sifa. Lakini tulipoondokana na kapasita zinazovimba tuliondokana pia na ushahidi uliokuwa ukionekana kwa macho. Bodi ya leo hufa kimya. Na sehemu ya bodi ambayo bado jeraha lake huonekana ni ile inayomweka mteja pabaya zaidi: soketi ya prosesa.

Zamani pini zilikuwa chini ya prosesa, na soketi ilikuwa na matundu. Mwaka 2004 Intel ilizihamishia pini kwenye soketi, yaani kwenye bodi, na prosesa ikabaki na vidoa vya dhahabu vya kugusana nazo. AMD ilifanya hivyo kwa kompyuta za kawaida za mezani mwaka 2022. Kiuhandisi kuna sababu nzuri, kwani pini za namna hiyo zinaweza kuwa nyingi zaidi katika eneo lilelile na njia ya umeme inakuwa fupi. Ila tazama kilichotokea upande wa waranti. Sehemu dhaifu kuliko zote ilihama kutoka bidhaa ya mtengenezaji wa prosesa kwenda bidhaa ya mtengenezaji wa bodi. Pini ikipinda sasa, kilichoharibika ni bodi.

Soketi ya Intel iliyotoka mwaka 2021 ina pini 1,700 katika eneo la milimita 45 kwa 37.5. Ukiitazama kwa lenzi ya fundi wa saa, utaona nywele fupi za dhahabu zimelala zote upande mmoja, kila moja ikiwa na ncha iliyopinda kidogo kwenda juu ili prosesa ikikandamizwa ijibu kama springi. Ukiinamisha bodi kwenye mwanga, ncha zote hung'aa kwa pamoja, mstari baada ya mstari. Iliyopinda inaonekana kama doa jeusi katikati ya mng'ao. Hiyo ndiyo njia ya kukagua, na fundi mzoefu hahitaji zaidi ya nusu dakika.

Pini hiyo ingeweza kupinda wapi? Kiwandani wakati wa majaribio. Dukani, muuzaji alipomwonyesha mteja mwingine. Nyumbani, prosesa ilipodondoka kwa kona. Kwa fundi wa mtaani aliyejaribu kupima kwa prosesa nyingine. Njiani, kama boksi lilibanwa na kifuniko cha plastiki cha soketi hakikurudishwa. Hata mezani kwa mkaguzi wa kampuni. Picha yenye mshale mwekundu inaonyesha pini ilivyo siku picha ilipopigwa. Haionyeshi imekuwa hivyo tangu lini. Ndiyo maana kampuni husisitiza kifuniko cha soketi kirudishwe kabla ya kutuma, na ndiyo maana anayekitupa kile kipande cha plastiki siku ya kwanza anajitafutia matatizo.

Kuna swali la pili ambalo watu hawaliulizi, na kwangu ndilo zito zaidi: pini hiyo ni ya kazi gani? Sehemu kubwa ya pini hizo ni za kuingiza umeme na kuurudisha, nazo hufanya kazi kwa makundi, hivyo moja ikikosa kugusa, jirani zake hubeba mzigo na pengine usione tofauti yoyote. Nyingine ni za mawasiliano na RAM. Mojawapo ya hizo ikipinda, nafasi fulani za RAM hazitasomwa. Nyingine zinaelekea kwenye kadi ya picha. Kila pini ina jina na nafasi yake. Kwa hiyo kama bodi ilirudishwa kwa sababu tundu la waya wa intaneti limekufa, na pini iliyopinda ni mojawapo ya zile za kurudisha umeme, pini hiyo si chanzo cha tatizo. Anayekataa waranti kwa kuonyesha jeraha bila kulihusisha na ugonjwa hajafanya uchunguzi. Mteja ana haki ya kuuliza, kwa maandishi: pini hii inahusiana vipi na hitilafu niliyoieleza?

Hadi hapa tumezungumzia jeraha linaloonekana. Kuna vifo visivyoacha alama ya kuonekana kwa macho.

Kimoja ni umeme tuli. Mtu akitembea juu ya zulia katika hewa kavu hujikusanyia volti elfu kadhaa mwilini bila kujua. Kwa kawaida hahisi kitu mpaka zifike kama 3,000. Chipu nyingine huumia kwa chini ya 100. Yaani unaweza kuiua chipu kwa kidole na usihisi lolote. Hewa yenye unyevu ya Mombasa au Tanga husaidia chaji kuvuja polepole, ilhali ukavu wa Dodoma wakati wa kiangazi huilimbikiza. Cha kusikitisha ni kwamba chipu iliyopigwa si lazima ife siku hiyo. Inaweza kudhoofika tu, ikafanya kazi miezi minne, kisha ikaondoka. Nani aliipiga: mtu wa kiwandani, wa duka, au mwenye kompyuta? Hata hadubini ya maabara, ikionyesha shimo dogo kwenye silikoni, haionyeshi kidole.

Kingine ni nyufa za lehemu. Fiberiglasi ya bodi ikipata joto hutanuka kama mara tano ya silikoni. Kompyuta ikiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, viungo vya lehemu hunyooshwa na kulegezwa kila siku, hadi kimoja kinapasuka ufa mdogo kuliko unywele. Ufa huo hufunguka bodi ikipata joto na kufunga ikipoa. Kompyuta hujizima baada ya saa mbili za kazi, ikipumzika inawaka vizuri. Umeipeleka kwa kampuni, imesafiri siku kadhaa ikiwa imepoa, ikawekwa mezani katika chumba chenye kiyoyozi, ikafungiwa prosesa na RAM nyingine, ikawaka, ikapita majaribio mafupi, ikarudishwa kwako na karatasi: hakuna tatizo lililopatikana. Ni kweli hawakulipata. Hawakukaa nayo muda ambao tatizo linahitaji kujitokeza.

Hapa ndipo ninapouona ukatili wa mfumo wenyewe, hata pasipo mtu mbaya. Anayejibu barua pepe za wateja ana orodha ya maswali na idadi ya kesi za kumaliza kwa siku. Anayekagua bodi ana dakika chache. Kutafuta ufa mmoja wa lehemu kwa saa nne kunagharimu zaidi ya bodi yenyewe. Njia ya mkato kwa kampuni ni ama kukupa bodi nyingine, ambayo mara nyingi ni ya mtu mwingine iliyotengenezwa, au kutafuta alama ya nje itakayofunga jalada. Mwenye pini iliyopinda anafungiwa jalada upesi kuliko mwenye ufa usioonekana.

Tazama tofauti kasoro inapoonekana na wengi. Mwishoni mwa mwaka 2021 baadhi ya bodi za ASUS aina ya ROG Maximus Z690 Hero zilianza kuungua sehemu ileile. Wateja walipolinganisha picha za bodi zao waligundua kwamba kapasita moja ilikuwa imewekwa kinyume, chanya ikiwa mahali pa hasi. Kampuni ilikiri kabla mwaka haujaisha, na mwaka 2022 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ikatangaza bodi hizo zirudishwe. Hakuna mteja aliyeambiwa kwamba aliigeuza kapasita kwa mkono wake. Wateja walikuwa wamepata, kwa kukusanya picha, kile ambacho kwa kawaida kinabaki kwa mtengenezaji peke yake: bodi nyingi zinazotazamwa kwa pamoja.

Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya prosesa za AMD zilizoungua pamoja na soketi zake. Chanzo kikubwa kilionekana kuwa volti ya sehemu moja ya prosesa ambayo baadhi ya bodi ziliipandisha mno pale mtumiaji alipowasha mpangilio wa kuharakisha RAM, mpangilio ambao ulitangazwa kwenye boksi kama sifa ya bidhaa. AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kupitia toleo jipya la BIOS, programu ya ndani inayoiongoza bodi. Kwa wiki kadhaa wenye bodi hawakuwa na uhakika kama kutumia sifa waliyoilipia, au hata kuweka BIOS mpya iliyokuwa bado ya majaribio, kungewapotezea waranti. Kwa maoni yangu hilo halikupaswa kuwa swali hata kwa siku moja. Kitufe kilichotangazwa dukani ni matumizi ya kawaida.

Kama chanzo cha kifo mara nyingi hakiwezi kuthibitishwa, basi mshindi wa ugomvi anajulikana mapema: ni yule asiyebebeshwa kazi ya kuthibitisha. Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Chini ya maelekezo yake ya mwaka 2019 yanayotumika tangu 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka mmoja huchukuliwa kwamba ilikuwapo siku bidhaa ilipokabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuonyesha vinginevyo. Uingereza ina kanuni kama hiyo kwa miezi 6. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, na kwa msingi wake tume ya biashara ya huko iliziandikia kampuni kadhaa mwaka 2018, na nyingine zikiwemo ASRock na Gigabyte mwaka 2024, kuhusu stika zinazotishia kwamba ukizibandua waranti imekufa. Sioni kanuni hizo kama huruma kwa mteja. Zinaelekeza mzigo wa ushahidi kwa yule mwenye bodi elfu moja kwenye hifadhidata.

Kwetu, mengi yanaishia kwenye maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayana uzito ambao watu wengi wanayapa. Sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora unaokubalika wa bidhaa, na haimruhusu kuifuta ahadi hiyo kwa maneno ya mkataba. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, nazo zinamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa. Jambo la kushika hapa ni kwamba sheria hizo zinamlenga aliyekuuzia. Bodi iliyonunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, baada ya kupitia Dubai inaweza kuwa na waranti ya mtengenezaji inayohesabika katika nchi nyingine, na kuituma huko kwa gharama yako kunaweza kumaliza faida yote. Mwenye duka yuko hapa, na risiti yake unayo. Anza naye.

Kabla ya kumpa bodi mtu yeyote, awe muuzaji, fundi au msafirishaji, piga picha ya soketi kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni ili pini zing'ae mstari kwa mstari. Picha ya pili iwe ya bodi nzima, namba yake ya mfululizo ikisomeka. Chukua na video fupi isiyokatwa inayoanzia kwenye namba hiyo, ikaenda kwenye soketi, ikaishia kifuniko kinaporudishwa mahali pake na bodi inapoingia kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Andika hitilafu ilivyo: inatokea baada ya muda gani, chumba kikiwa na joto kiasi gani, ikiwa na RAM ipi, na useme wazi kwamba bodi ikiwa baridi inawaka. Fanya hivyo siku unayoinunua pia, mbele ya muuzaji, kabla prosesa haijaingia. Na wakikujibu kwa picha yenye mshale mwekundu, waulize pini hiyo ni ya kazi gani, na watake wakujibu kwa maandishi.